Kushusha Injini Uani

Wengi wakisikia injini imeundwa kwa spea za kuokoteza, hudhani sifa yake yote ni bei. Kweli bei hushuka, na si jambo dogo kwa mtu anayelisha watoto kwa pikipiki. Mimi naisifu kazi hii kwa sababu nyingine: inamdai fundi atoe hukumu ya haki juu ya kila kipande. Spea mpya ikitoka kwenye boksi huaminiwa. Iliyofunguliwa kwenye pikipiki iliyokufa lazima ihojiwe.

Chukua injini ya Honda CG125. Ilizaliwa miaka ya 1970, na walioibuni waliwafikiria watu wa nchi ambako kubadilisha oili hucheleweshwa na gereji yenye vifaa kamili iko mbali. Kamshafti wakaiteremsha chini, karibu na krenki, izungushwe kwa gia badala ya cheni, na vijiti viwili vipeleke msukumo hadi kwenye valvu. Viwanda vya China vikaufuata muundo huo, ndiyo maana vipande vya jamii yake havikosekani kwenye meza za spea, toka Gerezani pale Dar es Salaam hadi gereji bubu za chini ya mwembe. Wingi huo ni neema, ila una mtego wake. Silinda ya 125 ina kipenyo cha milimita 56.5; ya 150 ni milimita 62. Mwendo wa pistoni ni uleule, 49.5. Asiyepima mdomo wa ganda la injini hununua silinda nzuri isiyoingia popote.

Hukumu huanza na krenki. Ishike kwa mkono mmoja, vuta konrodi juu na chini. Ikicheza kidogo ubavuni, hiyo ni haki yake. Ikigonga kwa juu na chini, hata kidogo tu, iache mezani ilipo, hata kama muuzaji anaapa. Beringi ioshe kwa petroli, itie tone la oili, kisha izungushe polepole karibu na sikio. Iliyoliwa utaihisi vidoleni kama mchanga kwenye wali. Vile vijiti vya valvu vibingirishe juu ya kioo, na kilichopinda kitajitangaza chenyewe kwa kurukaruka. Hakuna kati ya vipimo hivi kinachohitaji umeme. Vinahitaji utulivu, na moyo wa kukubali jibu usilolipenda.

Silinda ndiyo inayonifurahisha kuliko vyote. Ingiza ringi ndani yake, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ilale sawa, halafu pima kwa fila geji pengo lililobaki kati ya ncha zake. Ishushe zaidi, pima tena. Pengo likibadilika, umejua silinda imeliwa wapi, na ni juu, ringi zinakogeukia, ndiko huliwa zaidi. Hapo unahitaji mkereza vyuma, na mkereza makini hataigusa silinda yako kabla hujamletea pistoni. Pistoni za kuongeza hupishana kwa robo milimita, na namba hugongwa juu ya kichwa chake: 25, 50, 75, 100. Silinda ndiyo huchongwa kuifuata pistoni. Kwa mtu wa spea za kuokoteza utaratibu huu ni wa thamani kubwa, kwa kuwa silinda iliyochongwa mara moja bado ina maisha mengine mbele yake.

Kichwa cha silinda husawazishwa kwa msasa uliotandazwa juu ya kioo kinene. Valvu husagwa kwa dawa yake, ukiizungusha huku na huku kati ya viganja, mpaka duara la kijivu litokee pande zote bila kukatika. Kisha mimina petroli kwenye tundu la valvu usubiri. Ikivuja, rudia. Kazi hii inachosha mikono, na ninaipenda kwa hilo pia.

Wakati wa kufunga, alama za gia ya kamshafti na ya krenki zikutane, nati za kichwa zikazwe kwa kupishanisha, kidogo kidogo, na tapeti ziachiwe nafasi ya milimita 0.08 injini ikiwa ya baridi. Aluminiamu ya zamani haisamehe mkono wa nguvu.

Injini ikishawaka, watu hupongezana. Fundi ninayemheshimu bado hajamaliza. Humtaka mteja wake aendeshe taratibu kwa kilomita mia kadhaa, bila mzigo mzito, kisha huimwaga oili ile ya kwanza kwenye kitambaa cheupe na kukiinamisha juani. Vumbi laini la kijivu ni ringi na silinda zinazoeana. Akiona vipande vinavyong'aa, anavihesabu, anaviweka kwenye kifuniko cha chupa, na kuanza kufungua nati upya.