Maneno ya Dukani

Kuandika kwa ajili ya duka ni ufundi, na sioni ukisifiwa inavyostahili. Dada anayeuza vitenge Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, akishapiga picha ya mzigo na kuipandisha Instagram, amebakiwa na kazi ngumu kuliko ile ya kupiga picha. Mteja aliye Mbeya hawezi kukishika kitenge kile. Angekuwa dukani angekikunjua, angekifikicha kwa vidole aone kama ni pamba, angekipeleka mlangoni kwenye mwanga. Kwenye simu ana maneno ya muuzaji tu, na maneno hayo ndiyo yanayopaswa kumfikichia kitambaa.

Mwandishi mzuri wa duka analijua hilo. Anaandika: "Kitenge cha pamba tupu, yadi sita, kinatosha gauni refu na kilemba. Kinachuja kidogo mara ya kwanza, kwa hiyo kifue peke yake. Kwenye picha kinaonekana cheusi kidogo kuliko kilivyo." Sentensi ile ya mwisho ndiyo inayonifanya nimpe heko, maana hakuna aliyemlazimisha kuiandika. Jirani yake mwenye mzigo uleule ameandika, "Mzigo mpya umeingia! Wahi kabla haujaisha!" akamalizia kwa vijimoto vitano. Instagram inampa kila mmoja wao nafasi ya herufi 2,200 chini ya picha. Wote wawili wametumia chache, ila mmoja tu ndiye aliyemweleza mtu jambo.

Kosa linaloniuma zaidi ni lile la "bei njoo DM." Nazijua sababu zake. Muuzaji anaogopa jirani asije akashusha bei kwa shilingi mia tano. Tena sisi tumezoea kupatana, na bei iliyoandikwa hadharani huua mapatano. Sababu hizi si za kipuuzi. Lakini mtazame mteja: ana elfu ishirini na tano, hajui kama inatosha, na anaona haya kuuliza kisha akae kimya. Anahisi pia kwamba atapangiwa bei kwa kutazamwa picha yake ya wasifu. Basi anapita zake, na hakuna ajuaye kwamba alikuwapo. Wale wasio na haya ndio wanaouliza, muuzaji anakesha akijibu swali lilelile, na kadiri anavyochoka majibu yanakuwa mafupi na makali, mpaka wateja wanasema anaringa.

Yupo aliyelijibu swali la bei hadharani. Mmarekani Marcus Sheridan alikuwa mmoja wa wenye kampuni ya mabwawa ya kuogelea huko Virginia, River Pools and Spas. Msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008 ulipofika, watu waliacha kununua mabwawa na kampuni ikakaribia kufilisika. Alichofanya ni kukusanya maswali ambayo wateja walikuwa wakimuuliza siku zote, akaanza kuyajibu moja baada ya jingine kwenye blogu ya kampuni. Swali la bei lilikuwa miongoni mwa yale ya mwanzo, nalo ndilo wenzake wa biashara ile walikuwa wakilikwepa, kwa kuwa bwawa halina bei moja. Yeye alieleza ni mambo gani yanayoipandisha bei na yapi yanayoishusha, msomaji ajipimie. Kisha akaandika kasoro za mabwawa ya faibaglasi, yaleyale aliyokuwa akiyauza. Kampuni ilinusurika, na mwaka 2017 akaieleza njia hiyo katika kitabu, They Ask, You Answer.

Hilo la kasoro ndilo linalohitaji moyo. Mpishi wa keki akiandika kwamba keki yake ya krimu haivumilii kuachwa nje ya friji kwa joto la Dar, atawakosa wanaotaka keki ya kusafiri nayo hadi Bagamoyo. Watakaobaki watamwamini akisema keki ya matunda inafika salama.

Makosa mengine hayahitaji maneno mengi. Wafuasi wa kununuliwa hawanunui kitu. Picha uliyoichukua kwenye ukurasa wa mwenzako itakuumbua siku mzigo utakapomfikia mteja. Anayeweka posti kumi Jumatatu kisha akatoweka mpaka Idi huwafanya watu wadhani amefunga duka. Tangazo lililopangwa mapema lisimamishwe taifa linapopata msiba. Ila hili la kurusha skrinshoti za mazungumzo ya wateja, majina na namba za simu zikionekana, ili kuthibitisha kwamba watu wananunua, nalitaja kwa uzito. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hata isingekuwapo, mama aliyeagiza mkanda wa tumbo baada ya kujifungua hakuuagiza ili mtaa mzima ujue.

Ustadi wenyewe huonekana siku ya lawama. Mteja anaandika chini ya picha, mbele ya watu wote: "Nilinunua kwenu, kimechuja chote, na simu hampokei." Wengi hufuta maoni hayo na kumfungia aliyeyaandika, wengine hugombana naye mpaka ndugu wa pande zote mbili wakaingia. Aliye mahiri hutulia kwanza, halafu anajibu palepale: "Pole sana dada yangu. Hakikupaswa kuchuja hivyo. Tutakubadilishia au tukurudishie fedha yako, uchague wewe. Nakupigia sasa hivi." Namba ya simu na risiti ndiyo mambo ya kwenda kuzungumzwa faraghani. Jibu ni fupi, lakini limeanza na pole, halikutafuta kisingizio, na limempa aliyeumia haki ya kuchagua. Wanaolisoma kwa makini kuliko yeye ni wale wanaopita kimya, ambao hawajanunua bado na wanataka kujua watatendewaje mambo yakiharibika.

Kuna pia wauzaji wanaorudi kwenye posti zao za zamani. Picha ya mwaka juzi huendelea kuzunguka, na mtu huja dukani akiwa na bei ya mwaka juzi kichwani. Hawa huzipitia kila mwisho wa mwezi na kuandika: "Imeisha." "Bei sasa ni elfu thelathini na mbili." "Tumehamia ghorofa ya pili, jengo lilelile." Kazi hiyo haiwaletei laiki hata moja, ila inamwokolea mama wa Mbagala nauli ya kwenda Kariakoo kufuata kitenge kilichokwisha kuuzwa.