Ufundi wa Mlezi wa Vijana

Zipo kazi ambazo jamii huzihitaji kila siku bila kuzipa heshima ya ufundi, na ulezi wa vijana katika vituo vya mitaani ni mojawapo. Mtu anayefungua ukumbi mchana, akagawa mipira na kuandika majina daftarini, aghalabu hudhaniwa kuwa mlinzi wa jengo au mjitoleaji aliyekosa ajira, ilhali kazi yake ina kanuni, ina makosa yake ya kawaida, na humchukua mtu miaka kuimudu. Mlezi wa aina hii si mwalimu wala si mzazi, kwa kuwa mwalimu ana mtihani na mzazi ana damu, lakini yeye hana chochote cha kumlazimisha kijana arudi kesho. Kijana huja kwa hiari yake, na siku akichoka haagi.

Wazo la kumkabidhi kijana kwa mtu mzima asiye mzazi wake si geni kwa Waswahili. Katika unyago, yaani mafunzo ya kumwingiza msichana katika utu uzima, mwari alikabidhiwa kwa kungwi au somo, ambaye aliweza kumweleza waziwazi mambo ambayo mama mzazi angeyaonea haya. Hata hivyo, kungwi alisimama juu ya mila iliyokubaliwa na mji mzima. Mlezi wa kituo cha mjini hana mila ya namna hiyo nyuma yake, na mamlaka yake hana budi kuyajenga mwenyewe, siku kwa siku, mbele ya vijana wanaompima.

Mathare, mtaa wa mabanda ulio kilomita chache kutoka katikati ya jiji la Nairobi, umetoa mfano mzuri wa ujenzi huo. Mwaka 1987 Mkanada Bob Munro, aliyekuwa mshauri wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira, alianzisha pamoja na vijana wa huko chama cha michezo kijulikanacho kwa kifupisho MYSA, na mpango wake ukaunganisha mambo mawili yasiyofanana: kandanda na taka. Timu inayokamilisha zamu yake ya usafi hupewa alama 6 katika msimamo wa ligi, ambazo ni nyingi kuliko za ushindi wa mechi moja. Uzuri wa kanuni hii ni kwamba haihitaji mahubiri, kwa sababu nahodha aliyeshindwa kuwaamsha wenzake asubuhi hushuka katika msimamo kama vile amefungwa uwanjani, na wanaomlaumu ni wachezaji wenzake.

Zamu yenyewe si ya kupendeza. Mtaro hufukuliwa kwa sepetu na reki, na matope meusi yaliyojaa mifuko ya plastiki hutolewa, yakarundikwa kandoni na kuzolewa kwa toroli. Hapo ndipo ufundi wa mlezi unapoonekana, kwani akishika sepetu mapema mno kazi huwa yake na vijana huwa wasaidizi, na akisimama tu mikono mfukoni anageuka nyapara. Mlezi stadi huingia mtaroni kazi inapofika mahali pabaya zaidi, pale ambapo kila mmoja anamtegea mwenziwe, kisha hujitoa mara tu mwendo unaporudi.

Wanaokisifu chama hicho hupenda kutaja tuzo ya Global 500 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira kilichopata mwaka 1992, au timu yake ya Mathare United, iliyoanzishwa mwaka 1994 na kutwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Ni sifa za haki, ingawa ushahidi mzito zaidi umo katika viwanja vya vumbi, ambako vijana huendesha ligi zao wenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humwita kijana yule aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Mlezi hawezi kusubiri kiasi hicho, kwa kuwa filimbi ya mwamuzi humfaa zaidi mtu wa miaka 15 au 16, umri ambao haki humuuma kweli.

Mwamuzi wa umri huo atakosea. Atatoa penalti isiyostahili, watazamaji watapiga kelele, naye atageuka kumtazama mlezi akitafuta msaada, na hapo kuingia uwanjani kubatilisha uamuzi ni kumvua filimbi mbele ya mtaa mzima. Mlezi hubaki pembeni, huwatuliza watu wazima wenye hasira (ambao kwa kweli ni wagumu kuliko watoto), na mchezo ukiisha humuuliza kijana faraghani alisimama wapi alipoliona tukio. Katika fomu za wafadhili mchana huo utaingizwa kama mechi moja yenye wahudhuriaji kadhaa. Linalobaki ni kumpangia kijana huyo mechi nyingine wiki ifuatayo, ikiwezekana ya timu zilezile.