Heko kwa Watengenezaji wa Filamu za Malezi ya Kambo

Marekani ina watoto zaidi ya 300,000 katika malezi ya kambo, na mashauri yao mengi husikilizwa faragha. Kwa kuwa umma hauyasikii, nawaheshimu watengenezaji wa filamu huru wanaoonyesha dhuluma wanazotendewa watoto hao. Hawana studio ya kuwalipia. Huazima nyumba ya jamaa, gari la rafiki, mwanga wa dirishani. Muda nao huwabana: huko California, mtoto wa miaka 8 haruhusiwi kuigiza zaidi ya saa 4 siku ya shule, na lazima mwalimu awepo. Hivyo kila onyesho hupangwa kwa dakika. Watu waliokulia katika malezi ya kambo huusoma mswada wa filamu na kuusahihisha. Baada ya onyesho la kipigo, mtoto hutulizwa kwanza. Tuna deni kwa watengenezaji hawa: tuzitazame filamu zao, na tuzilipie.