Kiatu Kimetosha? Namna ya Kupima Filamu ya Ngano Yenye Nyimbo

Ghorofani, mama wa kambo anapiga piano. Binti yake mmoja anapuliza filimbi, mwingine anaimba kwa sauti ya kukwaruza, na paka wa nyumba hawezi tena kuvumilia; anatoka, anausukuma mlango ujifunge nyuma yake, anashuka ngazi. Chini, Cinderella amepiga magoti kando ya ndoo, anasugua sakafu, naye anaimba wimbo ule ule. Mapovu ya sabuni yanapaa, kila povu limebeba sura yake, na kila sura inashika sauti: ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mtumishi mmoja anakuwa kwaya nzima. Halafu paka anaikanyaga sakafu safi kwa miguu ya masizi, mlango unagongwa, na barua ya mfalme inaingia.

Tukio hilo, katika filamu ya katuni ya Walt Disney ya mwaka 1950, ni la dakika chache tu. Hakuna msimulizi aliyetuambia nani ana kipaji na nani ana nafasi, nani analetewa somo na nani amejifundisha kwa kusikia tu akiwa kazini. Wimbo mmoja umepita vinywa viwili, yote yakajulikana. Mtu akiniuliza filamu ya ngano yenye nyimbo iliyoiva inafananaje, humwanzishia hapo.

Filamu za aina hii zimejaa, na ving'amuzi na simu vimezileta mpaka mkekani. Karibu zote zina rangi za kupendeza na magauni yanayometameta, na jicho la mtazamaji hushiba upesi. Anayetaka kuchagua, basi, apime zaidi kwa sikio. Hapa nitatumia ngano moja tu, ya Cinderella, kwa sababu imetengenezwa mara nyingi, na mtu anaweza kuyatandaza matoleo yake kama mnunuzi wa kanga anavyotandaza doti kando ya doti.

Kipimo tulichorithi

Aliyekulia kwenye hadithi za usiku anacho kipimo tayari. Bibi aliposema "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!", tulijua kwamba mbele ya safari upo wimbo, na kwamba waitikiaji ni sisi. Wimbo ule haukuwa wa kupumzisha koo la bibi. Msichana wa kwenye hadithi alipouimba mara ya kwanza, alikuwa anaomba. Mara ya pili alikuwa anaonya. Mara ya tatu wanakijiji wameshaelewa, na mwovu ameanza kutafuta mlango. Maneno ni yale yale. Kilichoongezeka ni yale tuliyokwisha kuyajua.

Swali la kuiuliza filamu ni hilo hilo: wimbo ulipoisha, ni kitu gani hakiko kama kilivyokuwa ulipoanza? Ukikosa jibu, wimbo huo ni pambo. Pambo moja mbili halimwudhi mtu, lakini filamu yenye nyimbo kumi za mapambo ni duka la maua ya plastiki.

Hesabu mifupa ya ngano

Kabla ya kuihukumu filamu, jua imechota kwenye kisima gani. Mfaransa Charles Perrault alichapisha Cinderella yake mwaka 1697, na kwake ndiko lilikotoka boga linalogeuka gari, pamoja na kiatu cha kioo. Ndugu Grimm wa Ujerumani waliichapisha yao mwaka 1812, na hiyo ni kali zaidi: hakuna mama wa miujiza, bali mti uliootea juu ya kaburi la mama mzazi na ndege wanaokuja kusaidia; dada mmoja anakata kidole cha mguu na mwingine kisigino ili kiatu kiwaingie. Filamu nyingi za watoto humfuata Perrault, na si dhambi. Dhambi ni kuchukua boga na kiatu, ukaiacha mifupa.

Mifupa yenyewe ni michache: kifo cha mama, kazi isiyo na ujira, msaada unaotoka mahali pasipotarajiwa, na sharti juu ya msaada huo. Sharti ndilo linalosahaulika zaidi. Katika kisa cha Sultan Darai, ambacho Edward Steere alikichapisha mwaka 1870 kutoka kwa wasimulizi wa Unguja, masikini Haamdani anainuliwa na paa wake mpaka anaoa binti wa sultani, kisha anamdharau aliyemwinua. Utamu wa kisa umo katika deni hilo. Kwa Cinderella, deni ni saa sita ya usiku. Filamu ambayo saa yake inagonga nasi hatushtuki imepoteza mfupa wa mgongo, hata ikulu yake ing'ae vipi.

Mifupa ikikaa sawa, nyama inaweza kubadilishwa upendavyo. Toleo la televisheni la mwaka 1997, lililoongozwa na Robert Iscove kwa nyimbo za Richard Rodgers na Oscar Hammerstein, lilimpa Brandy, msichana mweusi, nafasi ya Cinderella. Malkia ni Whoopi Goldberg, mfalme ni Victor Garber ambaye ni mzungu, na mtoto wao ni Paolo Montalban, mzaliwa wa Manila. Hakuna anayesimama kueleza damu hizo zimechanganyikaje, wala mtazamaji haulizi. Ngano imekubali, kwa sababu kila mmoja anafanya kazi ambayo ngano ilimpa.

Wimbo wa nia na wimbo wa mgeuko

Nyimbo zinazopaswa kupimwa kwa makini ni mbili. Wa kwanza ni wa nia, ambao huja mapema na kutuonyesha mhusika anakosa nini. Katika kazi ya Rodgers na Hammerstein ni "In My Own Little Corner": msichana yuko kwenye kiti chake pembeni, anajiwazia kuwa watu mbalimbali wa mbali. Sikiliza jinsi mahadhi yanavyoanza kwa hatua ndogondogo, kama mtu anayeogopa kuamsha wenye nyumba. Wimbo wa nia ulio dhaifu hupiga kelele tangu mstari wa kwanza. Hauachi mahali pa kupandia.

Wa pili ni wa mgeuko. Mama wa miujiza anaingia na wimbo unaoorodhesha mambo yasiyowezekana, na unapofika mwisho wake, safarini kuelekea ikulu, neno la Kiingereza la kukataa limevuliwa silabi yake ya mwanzo, kama sisi tunavyotoka kwenye "haiwezekani" tukafika "inawezekana". Boga na panya ni sehemu ndogo ya uganga. Uganga mkubwa umefanyika ndani ya neno moja, na mtoto wa miaka mitano anausikia.

Mfano mwingine wa mgeuko uko katika "Into the Woods" ya mwaka 2014, kazi ya Stephen Sondheim na James Lapine iliyoongozwa na Rob Marshall. Hapo wamechota kwa Grimm: mwanamfalme amemwaga lami kwenye ngazi za ikulu ili msichana anase. Kiatu kinanata, na ghafla kila kitu kinasimama isipokuwa yeye. Katika tamthilia ya jukwaani ya mwaka 1987 alisimulia jambo lililokwisha kutokea. Kwenye filamu analiamua mbele ya macho yetu. Arudi kwenye nyumba ya mateso, au anaswe na raha asiyoijua? Anaamua kuacha kiatu, mwanamfalme aamue yeye. Kiatu ambacho kwa miaka mingi kilianguka kwa bahati mbaya, sasa kimeachwa kwa makusudi. Ngano nzima imesogea kwa wimbo mmoja.

Tazama shingo

Katika filamu, sauti kwa kawaida hurekodiwa studio kwanza, na mwigizaji huchezesha midomo juu yake siku ya kupiga picha. Hilo si kosa; kosa ni kujulikana. Usitazame midomo, kwa kuwa midomo imefunzwa. Tazama shingo na kifua. Noti ndefu inataka pumzi, na pumzi huonekana kabla haijasikika. Ukiona mtu anapaza sauti kubwa ilhali mishipa ya shingo imelala kama ya mtu aliyesinzia, ujue sauti imevalishwa mtu.

Ndiyo maana wajuzi hulitaja kwa heshima toleo la kwanza la Rodgers na Hammerstein, walilolitunga mahsusi kwa ajili ya televisheni. Lilirushwa moja kwa moja na CBS tarehe 31 Machi 1957, Julie Andrews akiwa Cinderella, na watazamaji walikadiriwa kupita milioni 100. Hapakuwa na kurudia. Lilirushwa kwa rangi, lakini nakala iliyobaki ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na hata hivyo pumzi zinaonekana.

Kisha pima mgawanyo wa sauti. Mwaka 1997 mama wa miujiza ni Whitney Houston, ambaye mradi ulipoanza kufikiriwa miaka kadhaa kabla ndiye aliyetarajiwa kuwa Cinderella. Sauti yake ni ya kanisani, inajaza chumba mpaka dari. Ya Brandy ni ya chini, laini, yenye ukungu kidogo. Wapo waliolalamika kwamba mkubwa alimfunika mdogo. Mimi naona ndipo penyewe: msaada unapaswa kuwa na sauti kubwa kuliko mwenye shida, na mwenye shida asipewe sauti ya ushindi kabla hajashinda.

Wimbo wa kuazima

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Lakini fundi mzuri anaweza kuipunguza mpaka ikakaa. Toleo la 1997 liliongezewa nyimbo za Rodgers zilizotoka kwenye kazi nyingine. "The Sweetest Sounds", iliyotoka "No Strings", imewekwa mwanzoni sokoni: msichana na mwanamfalme, wasiojuana, wanaimba mahadhi yale yale kila mmoja peke yake kabla hawajakutana. Masikio yetu yamewaoza kabla ya macho yao. "Falling in Love with Love", ya mwaka 1938, amepewa mama wa kambo, Bernadette Peters, na ghafla mwovu ana historia: huyu aliwahi kupenda, akaungua. Zote mbili ni za kuazima, na zote mbili zimefanyiwa ushonaji.

Linganisha na toleo la mwaka 2021 lenye Camila Cabello, ambalo limejazwa nyimbo maarufu za wasanii wa pop. Kila wimbo wa namna hiyo unapoanza, mtazamaji anaukumbuka kabla hajamkumbuka mhusika, na akili inatoka ikulu inakwenda redioni. Furaha ipo, ila ni ya harusini DJ akipiga wimbo unaoujua. Ngano inakaa kando inasubiri.

Miguu na kuta

Kwenye dansi, kipimo ni kifupi: naiona miguu? Anayejiamini na wachezaji wake huiweka kamera mbali na kuwaacha wacheze. Asiyejiamini hukatakata: uso, pindo la gauni, taa, uso tena. Dansi ya ikulu kwa kawaida ni walzi, mdundo wa tatu tatu, na utamu wake ni kuuona mzunguko ukikamilika.

Kuta nazo ziseme lugha moja. "The Slipper and the Rose" ya mwaka 1976 ilikwenda Austria kutafuta majumba na milima ya kweli. Ile ya 1997 ina mji wa studio usioficha kwamba umejengwa na mafundi. Njia zote mbili ni halali. Kinachoumiza jicho ni kuchanganya, mti wa kweli kando ya mbingu ya kompyuta.

Mahali pa kunyamaza

Kipimo cha mwisho nilifundishwa na mpwa wangu, aliyekuwa na miaka sita. Hakujua Kiingereza, na tulikuwa tunaangalia ile katuni ya 1950 ambayo tangu asubuhi alikuwa anaimba nyimbo zake kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe. Hilo peke yake ni cheti: mahadhi yanayobaki kwa asiyeelewa neno hata moja yametungwa vizuri.

Tukafika mwishoni. Mtumishi wa ikulu anakuja mbio na kiatu juu ya mto. Mama wa kambo ananyoosha bakora yake kidogo tu, kijana anajikwaa, kioo kinavunjika vipande vipande. Mtoto akashika mkono wangu. "Mjomba, mbona hapa hawaimbi?"

Nikamrudishia nyuma tukatazama upya. Dada wawili walipomrarulia gauni msichana, hakuna aliyeimba wakati vitambaa vinapasuka. Kiatu kilipovunjika, hakuna aliyeimba. Hata Cinderella alipotoa kiatu cha pili mfukoni, pale ambapo mtunzi mwenye papara angeita kwaya, aliongea tu kwa upole. Nilikuwa nimeitazama filamu hiyo tangu utotoni nikihesabu nyimbo zake, na sikuwahi kuhesabu mahali walipozizuia.

Sasa nikikaa mbele ya filamu mpya ya ngano, huandika orodha mbili kwenye karatasi: walipoimba, na walipoweza kuimba wakaacha. Orodha ya pili ikibaki tupu, huwa nazima mapema.