Upasuaji wa Bega Wapimwa kwa Upasuaji wa Uongo

Maelezo ya zamani ya maumivu ya bega yalikuwa mepesi kuaminika. Mkono ukiinuliwa, kano hubanwa chini ya akromioni, ule mfupa ulioezeka kiungo kwa juu. Zikisuguliwa siku nenda siku rudi, huvimba na kuuma. Mwaka 1972 Charles Neer, daktari wa mifupa wa New York, alieleza namna ya kuuchonga mfupa huo kwa chini ili kano zipate nafasi. Kamera na matundu madogo vilipoingia, kazi ikawa rahisi zaidi. Nchini Uingereza upasuaji huo ulipanda kutoka 2,523 mwaka 2000 hadi 21,355 mwaka 2010.

Wagonjwa wengi walipata nafuu. Lakini aliyepasuliwa hupumzisha mkono pia, hufanyishwa mazoezi, tena humwamini daktari wake. Kipi hasa kilimponya?

Watafiti wa Oxford, wakiongozwa na Andrew Carr na David Beard, waliandikisha wagonjwa 313 katika hospitali 32, wote wameshajaribu mazoezi na sindano. Kura ikawagawa mafungu matatu. Fungu la kwanza lilipangiwa kuchongwa mfupa. La tatu halikupewa tiba, ila miadi ya kuonana na bingwa baada ya miezi 3.

Ujanja wote ulikuwa katika fungu la pili. Hawa walipewa dawa ya usingizi, wakatobolewa matundu yaleyale, kamera ikaingia, maji yakapitishwa kiungoni, lakini mfupa haukuguswa. Wapo watakaoguna: mtu atobolewe bure? Wagonjwa waliridhia mapema wakijua hilo linaweza kuwapata, na bila fungu hilo swali lisingejibika.

Baada ya miezi 6, katika kipimo cha hali ya bega cha alama 48 (nyingi zaidi ndiyo nafuu zaidi), waliopangiwa kuchongwa walipata wastani wa 32.7, wa upasuaji wa uongo 34.2, wasiotibiwa 29.4. Kuchonga mfupa hakukuongeza kitu, na hata pengo na wasiotibiwa lilikuwa dogo mno kumnufaisha mgonjwa.

Kasoro ipo: wagonjwa kadhaa, hasa wa fungu la pili, walikuwa bado hawajapata tiba waliyopangiwa miezi hiyo 6 ilipotimia. Hata hivyo, utafiti wa Finland wa mwaka 2018, uliofuatilia wagonjwa kwa miaka 2, nao haukuona faida ya maana ya kuchonga kuliko kuingiza kamera tu. Mwaka 2019 jopo lililoandaa mwongozo katika jarida la BMJ lilipinga vikali upasuaji huo kwa maumivu ya aina hii.

Hukumu hiyo haimhusu aliyechanika kano kwa ajali; huyo awahi kwa bingwa.