Wembe na Tone la Maji

Msomaji wa kuvumwani hahitaji vifaa vingi. Wembe mpya, kibano chembamba, vipande vya kioo, tone la maji na hadubini vinamtosha. Kazi yenyewe hufanywa na mkono uliotulia, na mkono huo ndio ninaousifu.

Kuna kuvumwani iitwayo Pleurophascum grandiglobum, inayoota porini katika kisiwa cha Tasmania peke yake, kwenye nyanda zenye majimaji. Sextus Otto Lindberg, profesa wa Helsinki, ndiye aliyeipa jina mwaka 1875. Kuvumwani nyingi zina kifuko cha spora chenye kifuniko. Kifuko kikikomaa kifuniko hudondoka, na mdomoni hubaki meno yanayojikunja na kujikunjua kadiri hewa inavyokauka au kulowa, spora zikachukuliwa na upepo kidogo kidogo. Hii ya Tasmania haina kifuniko wala meno. Kifuko chake ni tufe kubwa lililozibwa pande zote, na spora hazitoki mpaka ukuta upasuke wenyewe.

Kwa macho matupu nani ataapa kwamba kifuniko hakipo? Mkataji hukiroweka kifuko kwanza, maana kuvumwani iliyokaa miaka mingi ndani ya pakiti ya karatasi, ikipata maji, hurudia umbo lake. Hapo hushusha wembe, tena na tena, mpaka apate ukanda mwembamba wa kupitisha mwanga, kisha autafute mstari wa seli ambao kifuniko kingekatikia. Haupo. Spora nazo humwagika kwenye tone. Ukuta wa spora ya kuvumwani una matabaka, na lile la nje kabisa hutandazwa juu yake na kifuko kilichoilea. Jambo hilo kila nilifikiripo hunistaajabisha.

Ni rahisi kusema kisiwa ndicho kilichoifunga, kwamba spora ya kisiwani ikisafiri mbali huishia baharini. Sherwin Carlquist aliandika mengi kuhusu mimea ya visiwani inayopoteza uwezo wa kusambaa, na hoja yake ina uzito. Lakini Pleurophascum ina ndugu New Zealand na Australia Magharibi, na huyo wa pili ni wa bara. Vifuko vyao pia, ukivikata, havina kifuniko.