Kuinyima Ndege Ardhi

Rubani mwanafunzi aliyezoea viwanja vyembamba vya udongo, akija kutua katika uwanja wa ndege wa Bangoka, Kisangani, macho yake humdanganya. Njia ya kutulia pale ina urefu wa mita 3,500 na upana wa mita 45. Ilijengwa kwa ajili ya ndege kubwa. Kwake yeye aliye ndani ya Cessna 172, yenye mabawa ya mita 11 toka ncha hadi ncha, upana ule humfanya aione ardhi imeshafika. Basi anainua pua mapema. Mwendo unakwisha ndege ikiwa bado hewani, mabawa yanashindwa kuibeba, inaanguka kwa kishindo.

Ninachokistahi ni sekunde zile ambamo kishindo huepukwa. Mwalimu hamhimizi mwanafunzi aguse chini. Anamtaka ainyime ndege ardhi. Macho mwisho wa njia, gazi imetolewa, usukani unavutwa kidogo, halafu kidogo tena, kama mpiga kafi aliyekwisha kuacha kupiga maji akingoja mtumbwi ufike ukingoni wenyewe. Karibu na ardhi ndege huelea kwa wepisi zaidi, na jua la Kisangani likiwa limeichoma lami, hewa ya moto huisukuma juu tena. Mwenye haraka hawezi kazi hii.

Ikidunda je? Woga humtuma mwanafunzi asukume usukani mbele, na hilo ndilo kosa kubwa. Magurudumu mawili makuu yanavumilia: yameshikwa na vyuma vinavyopinda na kurudi, ubunifu wa Mmarekani Steve Wittman uliochukuliwa na Cessna miaka ya 1940. Mguu wa pua ni dhaifu zaidi. Ukigonga wa kwanza, mdundo hukua, na baada ya midundo miwili mitatu mguu huo huweza kuvunjika, propela ikakwangua lami. Dawa ni kuongeza gazi, kupaa, kuzunguka na kuanza upya.

Wakati wote huo mwalimu amekaa kiti cha kulia, mikono i karibu na usukani bila kuushika. Kwangu mimi, huo ndio ufundi mgumu kuliko wote. Akiuchukua mapema, kijana hatajifunza. Akichelewa, ndege imeharibika. Na ikishatua kwa kishindo, hairuki tena mpaka fundi apapase ribiti na bati nyuma ya injini akitafuta mikunjo, hata kama kwa macho haionyeshi dosari yoyote.